Neno 'vita' halina umoja: Kutoka Kalemng'orok hadi Vita vya Miaka Mia

KALEMNG'OROK ni kituo kidogo kwenye barabara kuu ya Kitale kwenda Lodwar, kusini mwa Kaunti ya Turkana. Anayetoka Kitale hupita Kainuk kwanza, kisha Kalemng'orok, ndipo afike Lokichar na kuendelea hadi Lodwar na Kakuma. Msafiri anayeteremka kutoka kaskazini akifika hapa huwa na swali moja kabla ya kuendelea na safari: "Barabara iko aje?" Mgeni angedhani swali hilo linahusu mashimo au lugga iliyofurika. La hasha! Linahusu bunduki.

Jibu likiwa baya, kesho yake sisi tunaoandika magazetini huwa na maneno yetu tayari. Tutaandika "wizi wa mifugo". Tutaandika "majangili". Serikali nayo itasema "uhalifu". Maneno haya matatu tumeyazoea hata hatuyasikii tena. Leo nataka tuyasikie. Je, kinachoendelea baina ya Waturkana na Wapokot katika ukanda huu kwa vizazi na vizazi ni wizi, ni uhalifu, au ni vita? Na kama ni vita, mbona tunaogopa kuviita hivyo?

Wapo watakaosema kwamba jina halibadilishi kitu. Aliyepigwa risasi amepigwa risasi. Ni kweli kwa aliyekufa. Kwa walio hai si kweli hata kidogo, maana jina tunalolipa jambo ndilo huamua ni nani atakayeitwa kulitatua. Wizi humwita polisi. Ugonjwa humwita daktari. Vita huwaita wazee, watawala na wapatanishi kwenye meza moja. Ukikosea jina, umemwita mtu asiyefaa.

Tuanze na sarufi. Neno "vita" ni la ngeli ya KI-VI, lakini lina kilema cha ajabu: halina umoja. Tuna kiti na viti, kitabu na vitabu, ila katika Kiswahili sanifu cha leo hakuna "kita" kimoja. Hata tukisema juu ya vita vilivyodumu saa mbili, bado tunasema "vita hivi", "vita vile", "vita vimekwisha". Najua kwamba mitaani wengi wetu husema "vita ilianza jana", na mwalimu wa lugha hukunja uso akisikia. Mimi huona kwamba sarufi sanifu imeficha hekima humo. Vita haviji kimoja. Ukivitazama kwa karibu, kila vita ni rundo la vita vingine: cha ardhi, cha heshima, cha njaa, cha kisasi, cha tamaa ya mtu mmoja aliye mbali na risasi.

Mfano mashuhuri kabisa wa rundo kama hilo ni ule ambao wanahistoria huuita Vita vya Miaka Mia, baina ya Uingereza na Ufaransa. Kwanza, havikuwa vya miaka mia. Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 1337 hadi 1453, yaani miaka 116. Pili, waliopigana hawakujua kwamba wamo katika vita vyenye jina hilo. Mkulima aliyechomewa ghala mnamo 1355 hakusema "tumo katika mwaka wa 18". Jina lilibuniwa na wanahistoria wa karne ya 19, karibu miaka 400 baada ya mizinga kunyamaza, ili mapigano mengi, mapatano mengi na wafalme wengi wapate kutoshea katika sura moja ya kitabu.

Chanzo chake kinaeleweka vyema kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu ya majina yetu ya ujamaa. Mfalme Charles IV wa Ufaransa alifariki 1328 bila mtoto wa kiume. Dada yake, Isabella, alikuwa mama wa mfalme wa Uingereza, Edward III. Kwa hivyo marehemu alikuwa mjomba wa Edward, na mpwa akaona ana haki ya kiti cha mjomba wake. Wakuu wa Ufaransa wakasema haiwezekani. Haki haipiti kwa mwanamke. Wakamtawaza Philip VI, binamu wa marehemu kwa upande wa baba. Kwa miaka michache Edward alimeza mate machungu. Lakini Edward huyohuyo alikuwa pia na ardhi kusini-magharibi mwa Ufaransa, eneo la Guyenne, lenye mizabibu na bandari ya Bordeaux, na kwa ardhi hiyo alihesabiwa kuwa chini ya mfalme wa Ufaransa. Mnamo 1337 Philip alitangaza kuitwaa. Hapo ndipo mpwa alipokumbuka kiti cha mjomba.

Tazama basi: juu kuna dai la heshima na ukoo; chini kuna ardhi, mvinyo na ushuru. Mtu angeuliza, "Kwani mnapigania nini?" angepata majibu mawili, na yote mawili yangekuwa ya kweli.

Vitabu vya shule hupenda mapigano makubwa: Crécy mwaka 1346, Poitiers 1356, Agincourt 1415. Lakini siku za mapigano makubwa zilikuwa chache mno. Sehemu kubwa ya miaka hiyo 116 ilikuwa ya mapatano ya kusitisha mapigano, na sehemu nyingine kubwa ilikuwa ya uvamizi. Mwaka wa 1355 mwana wa Edward, ambaye historia inamwita Black Prince, alitoka Bordeaux na wapanda farasi wake wakavuka kusini mwa Ufaransa hadi Narbonne, karibu na Bahari ya Mediterania, kisha wakarudi. Safari yote ilichukua kama miezi miwili. Hawakwenda kuteka miji na kuitawala. Walikwenda kuchoma mashamba, kupora na kuharibu, ili mfalme wa Ufaransa aonekane kuwa hawezi kuwalinda watu wake na ili kodi zake zikauke.

Mtu wa Kainuk, Sarmach au Lami Nyeusi akisoma habari hizo hahitaji kufafanuliwa. Kundi linakuja alfajiri, linachukua linachoweza, linachoma kisichobebeka, linatoweka. Tofauti ni kwamba Uingereza haikuuita msafara wa 1355 "wizi wa ng'ombe". Uliitwa vita, ukaandikiwa barua za kujisifu, na kiongozi wake akazikwa kwa heshima katika kanisa kuu la Canterbury.

Sasa turudi kwetu. Waturkana ni tawi la kundi kubwa la watu wa Ateker, pamoja na Wakaramoja, Wajie, Wateso na wengine. Masimulizi yao yanamtaja Nayeche, bibi kizee aliyetoka nchi ya Wajie, katika Uganda ya leo, akashuka hadi bonde la Tarach, mto uleule unaopita Kakuma. Vijana waliomfuata fahali aliyepotea wakamkuta huko katika nchi yenye matunda na malisho, nao wakahamia. Katika karne ya 19 Waturkana walipanuka sana, kusini na mashariki, wakiongozwa na waaguzi mashuhuri kama Lokerio. Huko kusini walikutana na Wapokot, watu wa jamii ya Kalenjin, ambao baadhi yao ni wakulima wa milimani na wengine wafugaji wa nyanda za chini. Malisho yalikuwa yaleyale, na mto Turkwel ni uleule.

Nisieleweke vibaya. Haikuwa kuuana kila siku. Majirani wanaogombana ndio pia wanaoazimana. Wapokot wafugaji walichukua kutoka kwa Wakaramoja, ndugu wa Waturkana, sherehe ya sapana, inayomwingiza kijana katika utu uzima. Hili nalo lina mwenzake Ulaya: katika karne ya 14, wakati Waingereza wakipigana na Wafaransa, ndipo maneno ya Kifaransa yalipoingia katika Kiingereza kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Mnamo 1362 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza kwa kuwa watu hawakielewi Kifaransa. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Vita huchora mpaka kati ya watu, na lugha huuvuka mpaka huo usiku bila kibali.

Lugha hutuonyesha pia mpaka ulipo hasa. Katika Kiturkana, neno emoit, wingi wake ng'imoe, lina maana ya adui na pia mgeni asiye wa jamii. Neno moja, maana mbili. Upande wa Wapokot kuna desturi ya lapai: mtu akimuua Mpokot mwenzake, ukoo wa muuaji hulipa mifugo kwa ukoo wa marehemu. Zingatia kwamba desturi kama hizi hufanya kazi ndani ya jamii. Ndani, kuua ni kosa lenye fidia. Nje, kuna kanuni nyingine. Sasa hebu nikuulize: mahali ambapo kuua ndani ni kosa na kuua nje ni sifa, kinachotokea nje kinaitwaje katika lugha yoyote ya binadamu? Kinaitwa vita.

Basi jina "wizi wa mifugo" lilitoka wapi? Halikutoka kwa wafugaji. Lilikuja na serikali ya kikoloni. Waingereza walipigana na Waturkana kwa miaka mingi, na kampeni kubwa za 1915 na 1918 zilikuwa za kuwaadhibu na kuwapokonya silaha. Mashujaa kama Ebei na Loolel Kokoi walipambana nao, lakini hatimaye nguvu ya bunduki za kisasa ilishinda. Katika kampeni hizo majeshi ya serikali yalitwaa mifugo ya Waturkana kwa wingi. Ajabu ya lugha ni hii: serikali ilipochukua ng'ombe, kitendo hicho kiliitwa adhabu au faini, mfugaji alipochukua ng'ombe, kiliitwa wizi. Kitendo ni kimoja, ng'ombe ni walewale, kilichobadilika ni nani aliyeshika kalamu.

Kalamu hiyo iliendelea kuchora. Turkana ilikuwa sehemu ya Uganda hadi 1926 ilipohamishiwa Kenya. Eneo la Karasuk, linalokaliwa na Wapokot, liko Kenya lakini lilitawaliwa kutoka Uganda hadi 1970. Kaskazini ikafungwa, mtu wa nje hakuingia Turkana bila kibali. Waturkana walikuwa wamepokonywa silaha huku majirani zao wa ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia wakiwa nazo. Na katika vitabu vya sheria zikaandikwa sheria za wizi wa mifugo, ambazo Kenya huru ilizirithi. Sheria ya Wizi wa Mifugo na Mazao bado ni Sura ya 355 ya sheria zetu. Hata kikosi maalumu cha polisi kiliundwa na kupewa jina hilohilo: cha kukabiliana na wizi wa mifugo.

Hatukuishia hapo. Wakenya wa umri wangu wanakumbuka neno "shifta". Kati ya 1963 na 1967 kulikuwa na vita vya kutaka kujitenga kaskazini-mashariki mwa nchi. Serikali iliwaita wapiganaji shifta, neno la Pembe ya Afrika lenye maana ya mnyang'anyi. Jina lilishika hata leo tunasema Vita vya Shifta, kana kwamba mtu anaweza kupigana vita vya miaka minne na wanyang'anyi wa njiani. Katika miaka ya 1970 likaja neno "ngoroko", la wavamizi wenye bunduki wa kaskazini mwa Bonde la Ufa. Likavuma sana hadi likaingia katika siasa za urithi wa urais za 1978. Leo tuna "majangili". Mtanzania akisoma neno hilo anafikiria watu wanaowinda ndovu mbugani. Sisi tunafikiria vijana wenye AK-47 kwenye vilima vya Turkwel. Kila kizazi kimepata jina jipya la mtu yuleyule, na kila jina linasema jambo moja: huyu ni mhalifu, na wahalifu hatuzungumzi nao.

Wakati tukibadilisha majina, vita vyenyewe vilikuwa vikibadilika. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, wanajeshi wake waliitoroka kambi ya Moroto na ghala lake la silaha likaporwa. Bunduki zikasambaa Karamoja na kuvuka hadi kwetu. Mkuki ulimlazimisha mtu kumkaribia anayemuua; bunduki haikumlazimisha. Kisha kikaja kitu cha kugombaniwa kilicho kikubwa kuliko malisho. Kati ya 1986 na 1991 Bwawa la Turkwel lilijengwa, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 106 za umeme, na kampuni ya Ufaransa ndiyo iliyolijenga. Ni la nani, Turkana au Pokot Magharibi? Swali hilo halijaacha kuulizwa. Machi 2012 mafuta yakagunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, eneo la Lokichar, si mbali na Kalemng'orok. Mwaka uliofuata serikali za kaunti zikaanza kazi, na mpaka ambao zamani ulikuwa mstari kwenye ramani ya mkuu wa wilaya ukawa mstari wa bajeti, kura na mrabaha.

Unaona sasa? Juu kuna ng'ombe na heshima. Chini kuna mto, bwawa, mafuta na mpaka. Ni Guyenne na kiti cha mjomba.

Mnamo Februari 10, 2023, maafisa wa polisi waliuawa katika shambulio kwenye barabara hii ya Kitale–Lodwar, eneo la Kaakong, Turkana Kusini. Siku chache baadaye serikali ilitangaza kwamba jeshi la KDF litaungana na polisi katika kaunti sita: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Operesheni hiyo iliitwa Maliza Uhalifu. Sina ugomvi na kulinda barabara. Mama anayesafirisha samaki kutoka Lodwar ana haki ya kufika Kitale akiwa hai. Ugomvi wangu ni na jina. Ikiwa ni uhalifu, kwa nini tumeita jeshi? Na ikiwa tumeita jeshi, kwa nini tunaendelea kusema ni uhalifu? Tumekubali kwa vitendo jambo ambalo ulimi wetu unakataa.

Nasikia msomaji akinipinga, na ana hoja. Atasema kwamba nikiliita jambo hili vita, ninawavika wauaji taji. Kijana anayemuua mchungaji wa miaka kumi si mwanajeshi, ni muuaji. Atasema pia kwamba siku hizi mifugo haipelekwi mahari wala haijazi zizi la mtu, bali hupakiwa malorini hadi masoko ya mbali, na kuna mabwana wa mjini wanaofaidika. Huo si wizi ni nini?

Hoja hiyo naikubali nusu. Wizi wa kibiashara upo na uitwe wizi, na bwana wa mjini ashtakiwe kama mwizi. Lakini historia ya Ulaya inatuonya tusidhani kwamba wizi na vita ni vitu viwili vinavyokaa nyumba tofauti. Baada ya mapatano ya Brétigny mwaka 1360, Uingereza na Ufaransa zilisema amani imekuja. Maelfu ya askari wakaachwa bila mshahara, wakiwa na silaha na bila kazi nyingine wanayoijua. Wakajiunga katika makundi na kuanza kupora kwa faida yao. Mwishoni mwa mwaka huohuo waliuteka mji wa Pont-Saint-Esprit, wakaitisha pesa kwa Papa aliyekuwa akikaa Avignon. Mwaka 1362 waliposhambuliwa na jeshi la mfalme huko Brignais, walilishinda. Je, hao walikuwa askari au wezi? Walikuwa wezi waliozaliwa na vita. Kuwaita wezi tu, bila kuuliza mzazi wao ni nani, hakukuwaondoa.

Kilichowaondoa kilichukua karibu karne nzima. Mwaka 1445 Mfalme Charles VII wa Ufaransa aliwachagua baadhi ya watu hao wenye silaha, akawapa mshahara wa kudumu na makamanda wanaowajibika kwake, na wengine akawaamuru waende makwao. Ili kuwalipa, ilibidi kodi iwe ya uhakika. Jeshi hilo ndilo lililowarudisha Waingereza nyuma hadi pigano la Castillon mwaka 1453, linalohesabiwa kuwa la mwisho. Sisemi tumuige mfalme wa karne ya 15. Nasema tu kwamba kwa miaka mingi Kenya iliwapa wanakijiji bunduki za serikali, ikawaita askari wa akiba, na haikuwalipa mshahara. Mtu mwenye bunduki, njaa na jirani mwenye ng'ombe huwa anafanya hesabu zake mwenyewe.

Na Vita vya Miaka Mia viliishaje? Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1453 hakuna mkataba wa amani uliotiwa saini. Waingereza walibaki na mji wa Calais hadi 1558. Mnamo 1475 Edward IV alivuka tena na jeshi, na Louis XI wa Ufaransa akaona ni nafuu kumlipa arudi kwake, akamlipa, akarudi. Wafalme wa Uingereza waliendelea kujiita wafalme wa Ufaransa hadi 1801. Vita viliisha kidogokidogo: madai yaliachwa kwanza kwa vitendo, na kwa maneno mwisho kabisa. Ulimi ulikuwa wa mwisho kuweka silaha chini.

Kwetu tunao mfano ulio bora kuliko huo, na haukutoka Ulaya. Mwaka 1973, huko Lokiriama, magharibi mwa Lodwar karibu na mpaka wa Uganda, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walikutana baada ya miaka mingi ya kuuana. Walichimba shimo wakazika silaha zao. Makubaliano hayo ya Lokiriama bado hukumbukwa kila mwaka, na watu wa pande zote mbili hukutana hapohapo. Amani hiyo imejaribiwa mara nyingi, na kuna nyakati imepasuka. Lakini watu wana mahali pa kurudi. Mtoto akiuliza, "Nani alisema tusiwapige hawa?" kuna shimo la kumwonyesha.

Jiulize kwa nini Lokiriama iliwezekana. Wazee wa pande mbili hawakwenda pale kama wezi waliokuja kuungama. Mwizi hawezi kufanya mkataba. Anaweza tu kukamatwa au kutoroka. Walikwenda kama watu waliokuwa vitani, na aliye vitani ndiye anayeweza kufanya amani. Kiswahili kinalijua hili. Tunasema "suluhu", "mapatano", "sulhu ya vita". Hakuna anayesema "suluhu ya wizi".

Kwa hivyo ombi langu kwa wanahabari wenzangu, walimu, machifu na wanasiasa ni dogo. Tusitumie neno moja kwa mambo matano. Mbuzi watatu wakiibwa usiku, tuite wizi. Kundi lenye silaha likishambulia manyatta, tuite uvamizi. Mchungaji akiuawa, tuite mauaji, na tumtaje kwa jina lake kama tunavyomtaja aliyeuawa Nairobi. Mpaka ukigombaniwa, tuseme ni mzozo wa mpaka na tuulize tume ya mipaka iko wapi. Na tukizungumzia yote hayo kwa pamoja, kwa urefu wa vizazi vyote hivi, tuwe na ujasiri wa kusema ni vita, kwa sababu ni vya wingi: cha ng'ombe, cha mto, cha mpaka, cha bunduki na cha kisasi. Kukimaliza kimoja si kuvimaliza vyote.

Wahenga walisema vita havina macho. Ndiyo maana sisi tulio na macho, na kalamu, tunapaswa kuviangalia vizuri kabla ya kuvipa jina. Wafaransa na Waingereza walihitaji wanahistoria waje karne nne baadaye kuwaambia kwamba walikuwa katika vita. Sisi hatuna haja ya kungoja hivyo. Pale Kalemng'orok, leo hii, kuna mtu aliyesimama kando ya barabara na mzigo wake, akimwuliza dereva barabara iko aje.